Mwaka Niliolipwa Nikiwa Nyumbani

Kwetu Shinyanga watu wanaielewa likizo ya siku ishirini na nane. Mtumishi anakuja na begi lake, anazunguka kusalimia, anachinjiwa kuku wawili watatu, anaondoka. Akifikisha mwezi wa pili wanajua anauguza. Akifikisha wa tatu na mgonjwa haonekani, wanaanza kumsalimia kwa sauti ya chini kama mtu aliyefiwa.

Mimi nilikaa mwaka mzima.

Sikuwa nimefukuzwa kazi. Naliandika hilo mapema kwa sababu mwaka ule nilichoka kulisema. Nafundisha chuo kikuu, mbali na nyumbani, safari ya basi ya kutwa nzima, na kanuni zetu zinasema mhadhiri akishatumikia miaka kadhaa mfululizo anaweza kuomba mwaka mmoja wa kutofundisha, afanye utafiti na kuandika. Wenyewe tunaiita sabatiko. Nilikuwa na haki hiyo tangu zamani, ila kila nikigusia naambiwa idara haina watu, subiri kidogo. Nikasubiri mpaka wakanifanya mkuu wa idara, na hapo ndipo wakaniambia mkuu wa idara haondoki. Mwishowe niliandika barua, nikaipeleka masjala kwa mkono wangu, nikasimama dirishani mpaka nikaona imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nina tabia hiyo. Watu wa masjala wakiniona nakuja wanaanza kutafuta muhuri.

Majibu yalichukua miezi minne. Ukurasa mmoja, aya saba, kwa Kiingereza kama barua zetu zote za chuo. Nilipongezwa kwanza. Halafu wakasema mshahara wangu utalipwa kamili kwa mwaka wote, na chuo kitaendelea kuchangia akiba yangu ya uzeeni kana kwamba nipo darasani. Aya ya nne ilisema bima ya afya itaendelea, yangu na ya wategemezi wangu. Baada ya hapo ndipo makali yakaanza: posho ya madaraka ingekoma siku nitakayokabidhi ofisi, nisiajiriwe kwingine, nikirudi nilete ripoti na nitumikie chuo miaka miwili, la sivyo nirudishe nilicholipwa. Niliisoma nimesimama, nikaitia kwenye faili la kijani, faili nikalitia kwenye begi.

Watoto wangu wameshakuwa watu wazima na wametoka kwenye kadi yangu. Mtegemezi aliyebaki alikuwa mama.

Mama anakaa Ngokolo, hapohapo Shinyanga mjini, kwenye nyumba aliyoiacha baba, na ana presha ya macho. Si ugonjwa wa kuuma. Unakula kuona kwako kutoka pembeni kuja katikati, taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Dawa yake ni matone, kila siku, maisha yote. Miaka sita mama alikuwa akipanda bajaji kila mwezi na kadi yake ya bima imefungwa ndani ya leso, anachukua kichupa chake hospitali, anarudi. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba macho yale yatamfikisha uzeeni iwapo matone hayatakatika. Mimi nilikuwa mtu wa kukumbusha kwa simu. Nilipopata mwaka wa kukaa naye nyumba moja, nikajiambia sasa nitakumbusha kwa mdomo.

Nilifika mwezi wa kumi. Utafiti wangu ulikuwa juu ya wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu upande wa Katoro, jinsi wanavyogawana kipato na jinsi wanavyosaidiana mmoja wao akiugua. Wiki moja kila mwezi nilikuwa naenda kukaa nao kwenye mialo yao, pale wanapomwaga maji na mchanga juu ya ubao wenye magunia, naandika. Wiki tatu zinazobaki nilikuwa Ngokolo, chumba cha mbele, nimejifungia na karatasi. Mtaani walichoona ni hicho cha pili: msomi mzima anaamka, anafunga mlango, anatoka saa kumi kuja kuota jua.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani tuliyesoma naye shule ya msingi. Alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akaiweka mezani, akakaa.

"Pole na matatizo ya kazi," akasema.

"Matatizo gani?"

"Basi tu, mwenzangu. Pole."

Akanitajia shule moja ya sekondari ya watu binafsi inayotafuta mwalimu, akasema hawalipi vibaya, na mwenye shule ni mtu wa Mungu. Nilimshukuru huku nimeuma meno. Jumapili yake kanisani mama mmoja akasimama kuwaombea wote waliopatwa na misukosuko makazini, na benchi letu likapewa macho ya pole na safu tatu nzima. Mama alikuwa pembeni yangu, amefumba macho, anaitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Ningetulia, yangeisha yenyewe. Lakini mimi nikichokozwa sinyamazi. Nikaanza kumwambia kila aliyenipa pole kwamba silipwi nusu, silipwi robo, nalipwa mshahara kamili, kila mwezi, tarehe ileile. Nililisema kwa kiburi, sitaki kujificha. Nilitaka wanyamaze. Nao wakanyamaza kweli, lakini sasa walinitazama kwa namna nyingine. Mtu anayelipwa na serikali na haendi kazini, kwetu ana jina lake. Anaitwa mtumishi hewa. Watu wa aina hiyo wametangazwa redioni miaka mingi, wamesakwa, wamefunguliwa kesi. Hakuna aliyenitamkia usoni. Mama aliyasikia yote, kwa sababu mama ndiye anayekwenda kisimani, dukani na msibani.

Krismasi mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Katoro. Yeye ni mchimbaji, yuko kwenye kundi la watu wanane wanaochimba duara moja, shimo refu la kwenda chini kwenye mawe yenye dhahabu. Ni mtani mkubwa, na tangu utoto wetu tunapimana maneno. Tulikuwa tumekaa uani, mama anachambua choroko kwenye ungo.

"Dada, hebu nielimishe," akasema. "Hufundishi?"

"Sifundishi."

"Husahihishi mitihani?"

"Sisahihishi."

"Na mshahara unaingia."

"Unaingia hata nikilala."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kwetu asiyeshuka shimoni hana mgao. Jioni tunagawana viroba vya mawe, tunahesabu vichwa vilivyoshuka. Ukijichanganya ukachukua kiroba na hukushuka, siku mwenye duara akijua utakitapika. Utakitapika na vya zamani."

"Basi mimi sitapiki."

"Utatapika tu, dada. Serikali haina haraka, ila ikija inakuja na kalamu."

Nilicheka na mimi. Nilimtupia ganda la muwa. Mama aliendelea na choroko zake, hakuinua uso, na nilidhani hasikilizi.

Januari simu ikapigwa kutoka chuoni, sehemu ya mishahara. Ile posho ya madaraka, iliyotakiwa ikome mwezi wa kumi, ilikuwa imeendelea kuingia kwa makosa miezi miwili. Mimi mwenyewe niligundua kabla yao na nikawaandikia. Sasa kijana wa watu ananiambia, kwa sauti ya kusoma karatasini, kwamba nimepokea fedha nisizostahili na hatua zitachukuliwa. Damu ikanipanda. Nilikuwa barazani, mlango uko wazi, na sauti yangu ya darasani inafika mbali.

"Sikiliza, kijana," nikamwambia. "Hizo hela ni mimi niliyewaambieni. Nitarudisha. Hata kesho nitarudisha zote. Msinitishe."

Nilipoingia ndani mama alikuwa amesimama katikati ya sebule na kikombe mkononi.

"Wanataka warudishiwe?" akauliza.

"Achana nao, mama. Mambo ya ofisini hayo."

Hivyo tu. Sikukaa chini nikamweleza. Nilikuwa na sura ya tatu ya kitabu mezani na hasira kichwani, nikaenda kwenye sura ya tatu. Makato yalifanyika mara moja kwenye mshahara wa Februari, yakaisha, nikayasahau. Ingenichukua dakika tano kumwambia.

Tangu hapo mambo yalianza kuanguka upande wa kushoto. Sikuyaona hivyo wakati ule, nayaona hivyo sasa ninapoandika. Chupa ya chai ilivunjika kwa sababu mama aligeuka na mkono ukaipiga. Bakuli la mboga likafuata. Mtu akiingia kwa mlango wa uani na kusalimia, mama alikuwa anajibu huku anamtafuta. Siku moja alikanyaga karatasi zangu nilizozitandaza sakafuni, akapita katikati yake kana kwamba ni mkeka. Nilikuwa nimezipanga kwa siku mbili.

"Mama, si uangalie!" nilimwambia.

"Nisamehe, ng'wanone," akasema. Ni neno letu la mwanangu. Akainama kuziokota, na aliokota za mkono wa kulia tu, zile za kushoto akaziacha. Nikadhani amesusa.

Na matone je? Niliuliza, tena kila mwezi. Alikuwa anajibu ameshachukua. Kila mwezi nilimwona akijifunga kitenge kizuri, kadi ndani ya leso, anapanda bajaji saa mbili asubuhi, anarudi mchana. Kila jioni nilimwona kwenye kigoda chake, ameinua uso juu, amefungua jicho kwa kidole, kichupa kipo juu ya jicho. Kushoto, kisha kulia. Kisha anafumba na kutulia kidogo kama tulivyofundishwa. Katika maandishi yangu ya mwaka ule nimeandika vizuri sana kuhusu wanawake wa Katoro wanavyojuana, kwamba mwenzao akishika ubao tofauti na jana wanamuuliza unaumwa wapi. Nimeandika hivyo nikiwa mita tano kutoka kwenye kigoda kile.

Mwezi wa saba, tukitoka kanisani, tulikuwa tunavuka barabara. Mimi nilikuwa kulia kwake. Bodaboda ilitokea kushoto, haikuwa na kasi ya ajabu, ilipiga honi. Mama aliongeza hatua mbele kana kwamba barabara ni tupu. Dereva alikata usukani akaenda kulala chini na pikipiki yake, abiria akaruka. Hakuna aliyevunjika.

"Mama yangu, huoni?" dereva akauliza, anajipangusa vumbi.

Nilimporomoshea maneno ambayo mtu aliyetoka ibadani hapaswi kuwa nayo. Mama alinivuta kitenge.

"Mwache," akasema. "Sikumwona."

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Dirishani wakauliza kadi, mama akasema ameisahau nyumbani. Niliona ajabu, maana leso ilikuwa mkononi mwake imefungwa fundo, lakini sikutaka foleni inipite, nikalipa taslimu. Kwenye kliniki ya macho tulimkuta muuguzi ambaye mama anafahamiana naye miaka yote. Akamwamkia shikamoo, akafungua faili, akalisoma kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mama, tulikuwa tunakuulizia," akasema. "Tangu Desemba hujaja kuchukua dawa."

Nikasema haiwezekani, anakuja kila mwezi, mimi namwona akiondoka. Muuguzi akanigeuzia faili nisome mwenyewe. Desemba, kisha karatasi nyeupe.

Mama akakaza fundo la leso.

Daktari alimfunika jicho la kulia, akainua vidole mbele ya la kushoto. Mama akasema anaona mwanga wa dirisha. Akasogeza vidole karibu. Mama akasema mwanga wa dirisha. Daktari hakuzunguka: la kushoto limekwenda na halitarudi. La kulia limebanwa sana, matone peke yake hayatoshi tena, anahitaji upasuaji wa kushusha presha, na si wa kusubiri miezi. Aliandika rufaa ya Mwanza. Akasema gharama yote inabebwa na bima, tupeleke kadi tu wathibitishe.

"Sitaki," mama akasema.

"Hutaki nini?" nikauliza.

"Sikatwi. Twende nyumbani."

Nilimkasirikia mbele za watu. Nilimwambia maneno ya kwamba mimi nahangaika, yeye anafanya mchezo, nilimwuliza alikuwa anakwenda wapi na bajaji miezi yote ile. Watu kwenye mabenchi wakatazama chini. Mama alisimama, akatangulia kutoka, akagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Hapo hasira ikaniishia, nikaogopa. Sijawahi kuogopa hivyo.

Nyumbani alikaa jikoni kwenye kigoda. Nilikwenda kwenye dirisha anapokiweka kichupa chake, nikakichukua, nikakitikisa. Hakikuwa na kitu. Kilikuwa kikavu hata mdomoni.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu ulipopigiwa simu."

Akanieleza bila kulia, kama anavyoeleza habari za shamba. Siku alizopanda bajaji alikuwa anakwenda kukaa kwa shemeji yake mpaka saa sita, ili nisijue. Kichupa alikuwa anakiinua ili nisiulize. Kadi hakuitumia hata mara moja.

"Kwa nini, mama?"

"Nilitaka deni lako liwe dogo."

Ndipo akanisimulia habari ya baba. Nilikuwa kidato cha kwanza, nipo bweni. Baba alikuwa karani kwenye chama cha wakulima wa pamba, kazi ikaisha, lakini mshahara ukaendelea kuja miezi mitatu. Wakaambiwa ni kiinua mgongo kinakuja kwa mafungu, wakashukuru, wakala. Halafu ikaja barua. Walitaka mishahara yote mitatu, na mafuta ya taa aliyopewa, na gharama ya zahanati ya chama, kila kitu kimeandikwa mstari kwa mstari mpaka vidonge. Baba aliswaga ng'ombe saba mnadani akarudi na fimbo. Mimi maisha yangu yote nimejua wale ng'ombe waliuzwa kwa ajili ya ada yangu. Nimewasimulia wanafunzi wangu hivyo, kwa majivuno, nikiwaambia nimesomeshwa na ng'ombe saba. Hakuna aliyeniambia tofauti, na mimi sikuuliza.

"Walihesabu mpaka vidonge," mama akarudia. "Na wewe uko nyumbani, unalipwa, hufanyi kazi. Mdogo wako akasema utatapika na vya zamani. Kisha wakakupigia. Nikasema mshahara siwezi kuuzuia, ila dawa naweza. Dawa zangu zisiwepo kwenye hesabu yao."

Nikamwambia nitalipa upasuaji taslimu, aache kadi. Akatikisa kichwa.

"Hela zako ni zilezile."

Nikampigia mdogo wangu, nikaweka sauti kubwa, nikamwambia kila kitu na kwamba mama hataki kukatwa. Nyuma yake karasha zilikuwa zinasaga mawe. Akazungumza kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Mama, shikamoo. Mama, nilikuwa natania. Sikiliza. Tukisikia kuna rashi mahali, dhahabu mpya imetoka, tunamchagua mmoja wetu aende akaangalie. Anaweza kukaa huko mwezi. Hashuki shimoni, lakini mgao wake tunautoa kila jioni, na mtoto wake akiugua tunampeleka sisi. Kwa sababu yuko kwenye kazi yetu. Dada ndivyo alivyo. Wamemtuma kwenye rashi."

"Mbona Krismasi hukusema hivyo?" mama akauliza.

Akarudia tu kwamba alikuwa anatania. Na mimi ndiye niliyekuwa na jibu zima kwenye faili tangu mwezi wa kumi.

"Yeye anasema kwa mdomo," mama akaniambia simu ilipokatika. "Na wewe unasema kwa mdomo. Baba yako naye walimwambia kwa mdomo. Wewe hukupewa karatasi?"

"Nilipewa."

"Iko wapi?"

Nikaenda chumbani, nikafungua begi. Faili la kijani lilikuwa chini ya vitabu, palepale nilipoliweka nilipofika. Nikavuta kigoda kingine nikakaa mbele yake, upande wa kulia ili anione, nikaanza kuisoma kwa Kiswahili. Kuitafsiri haikuwa kazi. Nilisoma pongezi. Nikasoma mshahara. Nikasoma akiba ya uzeeni. Mama alikuwa ameinua uso kidogo, kama akiwa kanisani. Nilipofika aya ya nne akanishika goti.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Bima ya afya ya mtumishi na ya wategemezi wake itaendelea katika kipindi chote cha likizo.

"Wategemezi ndio nani?"

"Wewe. Umebaki wewe tu."

"Na haitarudishwa?"

Nikamsomea sehemu inayotaja kurudisha, nikamweleza ni iwapo nitaacha kazi, na kwamba siachi. Nikamalizia sahihi na muhuri. Akanyoosha mkono kuitafuta karatasi, ukapita kushoto kwake, ukashika hewa. Nikauchukua mkono, nikakiweka kidole chake kwenye aya ya nne. Akakiacha pale kwa muda. Kisha akakishusha polepole mpaka chini, mpaka ukingo wa karatasi, akaigeuza akapapasa na nyuma, kama kuna kingine.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Kumbe ni fupi hivi," akasema, na akaanza kufungua fundo la leso yenye kadi.